Azimio la Mbaazi

Mimi ni Mngoni na Sabaha ni Mmwera, kwa hiyo tuna ruhusa ya kutukanana. Mgeni akipita asubuhi akatusikia, husimama pembeni akidhani muda si mrefu ataitwa kutoa ushahidi. Kumbe ni utani tu. Babu zangu wa Songea waliwahi kuvamia kwao Nachingwea enzi za mikuki, na sisi wajukuu tumerithi ugomvi, mikuki tukaiacha huko huko.

"Walipofika kwenu," huwa namwambia nikisubiri sahani yangu, "babu zenu walitoka mbio wakaacha sufuria jikoni. Ndiyo maana mpaka leo mnapika vizuri. Mnaogopa tusije tukarudi."

"Walikuja kupigana wakakuta mbaazi zimeiva," hunijibu bila kuinua macho. "Wakakaa chini. Jeshi gani hilo linalotekwa na kifungua kinywa?"

Wapagazi wanacheka, mmoja anapaliwa na andazi, siku imeanza.

Sabaha anauza mbaazi za nazi kwenye baraza la duka la nafaka la Chandubhai, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Mwaka wa kumi na tisa sasa. Anazipika kwake Magomeni alfajiri, anaileta sufuria imefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa, na ikifika saa nne haina kitu ndani zaidi ya mwiko. Mimi nakaa ndani ya duka hilo hilo, hatua moja kutoka mlangoni, kati ya mizani na ukuta. Nashona magunia. Gunia likichanika wakati wa kushusha, naitwa mimi. Jina langu ni Beno, lakini pale wananiita Sindano.

Kiti kile sikukipata kirahisi. Nilishuka Bongo na gunia moja la mahindi na anwani ya mjomba, na kabla jua halijazama gunia lilikuwa limeuzwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ndiye mjomba. Nimelala sokoni, nimebeba mizigo mpaka bega moja likashuka chini kuliko jingine, nimeuza maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki, nikafukuzwa, nimeuza soksi nikafukuzwa zaidi. Siku Chandubhai aliponiambia, "Kaa hapo, magunia yangu yanavuja," nilikaa, na sikuinuka kwa miaka kumi na moja.

Sasa, habari yenyewe.

Jumatatu moja lilibandikwa tangazo. Mabaraza yote ya mtaa wetu yawe wazi ifikapo Jumatatu inayofuata. Mama lishe wenye kutaka kuendelea wajiandikishe kwa Bi Blandina, ofisi ya kata, wapewe vizimba kwenye eneo jipya kule nyuma. Mwisho wa kujiandikisha Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Sabaha alilisoma mara mbili. Bila baraza lile na bila kizimba, angerudi kuuzia mlangoni kwake Magomeni, ambako kila nyumba ina mpishi wake na kila mpishi anajiona yeye ndiye yeye.

"Kizimba si ni kama banda la kuku?" aliniuliza.

"Ni hicho hicho. Ila wewe hutagi."

Alitaka kwenda kujiandikisha kesho yake. Lakini kesho yake akaja Mheshimiwa Pantaleo.

Huyu ni diwani wetu, mtu wa Masasi kwa kuzaliwa na wa Kariakoo kwa kura. Alikuja na suti, akaomba sahani, akala amesimama, tai ameitupia begani isiingie kwenye mchuzi. Alipomaliza alifuta mdomo akasema ana hoja anataka kuipeleka kwenye kikao cha baraza la madiwani siku ya Alhamisi. Hoja ya kuiheshimu mbaazi.

"Kuiheshimu vipi?" Chandubhai aliuliza kutoka ndani. Chandubhai ni mzee wa Kihindu mwenye miwani mizito. Duka lilianzishwa na baba yake, na mbaazi amezinunua na kuziuza maisha yake yote. Akishika moja anakwambia imetoka wilaya gani.

"Kwa azimio," diwani akasema. "Baraza litambue rasmi kwamba mbaazi ya kusini imelisha jiji hili. Watu wanapongeza wanariadha, wanapongeza mabondia. Zao lililotusomesha sisi nani amewahi kulipongeza?"

"Na zao likishapongezwa linafanya nini?" nikauliza.

"Linajisikia vizuri," akasema diwani, na kwa kweli alijibu kwa unyofu mtupu.

Akamwalika Sabaha aje ukumbini kama mgeni wa heshima. Akamwachia barua yenye mhuri. Sabaha aliikunja barua ile mara nne akaitia kifuani, na siku nzima alikuwa akiigusa juu ya nguo kuhakikisha haijatoka kwenda matembezini.

Alhamisi tulikwenda, mimi na yeye, kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Alikuwa amevaa baibui jipya na viatu vilivyombana. Chandubhai aliniruhusu niende nimsindikize, akasema siku moja magunia yanaweza kuvuja.

Kikao cha madiwani ni kitu cha kutazamwa. Watu wazima wamevaa majoho kama wahitimu waliokataa kurudi nyumbani. Mheshimiwa Pantaleo akasimama, akasoma hoja yake kwa sauti ya kutetemeka kidogo, maana kumbe alikuwa anaipenda kweli. Baraza (a) litambue mchango wa mbaazi. (b) liwapongeze wakulima, wachuuzi na wapishi wake. (c) liwahimize wananchi wote kula mbaazi walau mara moja kwa juma.

Moto ukawaka. Diwani mmoja mwenye mizizi Mtwara akataka kujua kwa nini korosho inarukwa. Mwingine, mtu wa Mafia, akasema mbaazi bila nazi ni kokoto laini, kwa hiyo nazi iandikwe kwanza. Wa tatu akauliza, kwa taratibu, Kariakoo tunalima mbaazi wapi, juu ya lami au juu ya paa.

"Mheshimiwa," Pantaleo akamjibu, "Kariakoo hatulimi. Tunakula. Asiyekula hana haki ya kumheshimu mkulima."

Wakagonga meza. Aliyeuliza akagonga pia. Wanaoafiki waseme ndiyo; ukumbi mzima ukasema ndiyo, hata mtu wa korosho. Kisha Sabaha akasimamishwa kule nyuma tulikokaa, akapigiwa makofi, akakabidhiwa nakala ya azimio lenye mhuri mwekundu. Nilimwona anavyoipokea kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa ya kuamka saa tisa usiku, na ndiyo kwanza mtu anampigia makofi badala ya kumwambia chumvi imezidi.

Tulipotoka nje, pale kwenye ngazi, akavua viatu akavishika mkononi. Akaniuliza, "Mngoni, sasa na karatasi hii, sufuria yangu iko salama?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nitasema kama nilivyokosea. Niliuweka uso wangu sawasawa, kama wa karani, nikasema, "Bibi Mmwera, sufuria yako kuanzia leo ni kama bendera. Atakayeishika bila ruhusa anakwenda na maji. Mgambo watakuwa wanaipigia saluti. Kizimba waachie wapishi wa kawaida."

Akacheka. Nikacheka. Ndio utani wetu: kila ninalomwambia yeye hulipindua, mimi hulipindua lake, tukifika mwisho tunajua ukweli uko upande wa pili wa kila neno. Miaka yote ile Sabaha hajawahi kuniamini hata nilipomwambia mvua inanyesha. Hutoa mkono nje kwanza.

Ijumaa sikumwona mchana, nikajua amekwenda kwa Bi Blandina. Jumamosi alikuja anaimba. Nikasema, mwanamke amepata kizimba kizuri.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amefika na sufuria, pamoja na fremu. Azimio lilikuwa ndani ya kioo, na pembeni amebandika ua la plastiki. Alikuwa anamwomba mpagazi mmoja nyundo.

"Unatundika ya nini hapa?" nikauliza. "Si upeleke kizimbani. Umepewa namba ngapi?"

"Kizimba cha nini?"

"Cha Bi Blandina. Ijumaa hukwenda?"

"Ijumaa nilikwenda kutengenezesha fremu," Sabaha akasema. "Si ulisema."

Nikaishika fremu kabla mpagazi hajafika na nyundo.

"Sabaha. Mimi ni Mngoni. Tangu lini unaniamini?"

"Siku zote nilikuwa sikuamini," akasema. "Lakini siku ile kulikuwa na mhuri."

Nilikimbia mpaka ofisi ya kata. Bi Blandina ni mama mpole mwenye meza safi, na alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari akanionyesha: vizimba vyote vina majina, wa mwisho ni mkaanga mihogo aliyefika Ijumaa saa sita kasoro dakika tano. Orodha imekwisha kupelekwa. Akanipa pole. Akaniuliza kama ni kweli mbaazi imepigiwa makofi barazani, maana yeye mama yake anatoka Ruangwa.

Niliporudi mgambo walikuwa wamefika. Walikuwa watatu, na kiongozi wao aliitwa Ridhiwani, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Hakuwa na fujo. Alikuwa amesimama mbele ya fremu, mikono nyuma, anasoma neno kwa neno. Sabaha alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameikumbatia sufuria, anangoja apigiwe saluti.

"Hongera sana mama," Ridhiwani akasema. "Ni jambo la fahari. Sasa naomba uondoe vitu barazani."

"Soma vizuri, baba. Ni la madiwani."

"Nimesoma. Halikutaja baraza wala mtaa wala sufuria. Limeandikwa kutambua, na kupongeza, na..." Akainama tena, akasogeza pua karibu na kioo. "Na kuhimiza wananchi wote kula."

Blanketi lilikuwa limefunguliwa kidogo na harufu ya nazi ilikuwa inatoka, haina haraka.

"Mama," Ridhiwani akasema, "mimi ni mwananchi?"

"Unaonekana hivyo."

Akawageukia wenzake. "Tuna maagizo mawili hapa. Moja linasema tutoe, jingine linasema tule. Tukitoa kwanza, la pili tutashindwa kulitekeleza."

Wakala. Watu watatu wenye kombati, wamejipanga kwenye baraza lililopaswa kuwa wazi, kila mmoja na sahani na maandazi mawili. Mmoja akaomba aongezwe mchuzi. Wapagazi walisimama ng'ambo wakitazama serikali inavyopata kifungua kinywa. Lakini Sabaha hakucheka. Alikuwa anagawa kama kawaida, mkono thabiti, ila macho yake yalikuwa kwangu, na ndani yake hamkuwa na utani.

Ridhiwani alipomaliza alirudisha sahani kwa mikono miwili. "Asante mama. Sasa naomba tusaidiane kuondoa."

Nikamsogelea Sabaha. "Nisamehe. Nilikuwa natania."

"Najua," akasema polepole. "Siwezi kukukasirikia, mila hairuhusu. Lakini kwetu, Mngoni, wanasema mtani akikuua kwa maneno, anakuzika kwa mikono yake. Haya. Chukua jembe."

Na ni kweli. Watu wanadhani utani ni mdomo tu. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeosha vyombo, ndiye anayebeba anachokwepa ndugu. Ruhusa ya kutukana inalipiwa siku ile. Nilisimama pale nikitafuta jembe langu liko wapi, na nikaona sina kitu mjini hapa zaidi ya sindano, uzi, na kiti.

Nikaingia dukani.

"Chandubhai, hapa ndani ya mlango ninapokaa mimi, ni kwako au kwa manispaa?"

"Kwangu. Kwa baba yangu kabla yangu. Kwa nini?"

"Sufuria ikae hapa."

Chandubhai akavua miwani. Nje Ridhiwani aliposikia akasogea mlangoni, akatazama kizingiti, akakikanyaga kwa ncha ya buti. "Mimi kazi yangu inaishia hapa," akasema kwa sauti yake ndogo. "Ng'ambo ya kizingiti ni dukani kwa mtu. Huko sioni."

"Chakula hakijawahi kuingia dukani mwangu," Chandubhai akasema. "Mama yangu aliweka sharti. Chombo kilichopikiwa nyama au samaki hakivuki mlango huu. Yeye hayupo, sharti lipo." Akamgeukia Sabaha. "Dada, sufuria hii imewahi kupika samaki?"

Sabaha akainuka kwenye kigoda. "Chandubhai, miaka kumi na tisa unakula kwangu, unaniuliza leo?"

"Nilikula nje, sikuuliza. Ndani lazima niulize."

"Haijawahi," Sabaha akasema. "Wala nyama, wala dagaa, wala upawa wake. Samaki ana sufuria yake, na sufuria hiyo haitoki Magomeni. Toka siku ya kwanza ulipokula kwangu. Unadhani mimi sijui namlisha nani? Hata zile siku zako za mfungo, siku usizokula nafaka wala kunde, si huwa nakuletea ndizi bila kuambiwa?"

Mzee alivaa miwani tena, akaivua, akaifuta kwa shati ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani. Alisema neno moja la Kigujarati ambalo sikulielewa, halafu akasema, "Ingia. Lakini nafasi ni moja. Sina pa kuweka kiti na sufuria."

Nilitazama kiti changu. Miguu mitatu ilikuwa ya mwanzo, wa nne nilikuwa nimeushona mimi mwenyewe kwa uzi wa gunia. Ukutani nyuma yake palikuwa na doa mahali ninapoegemeza kichwa mchana. Nitasema ukweli, haikuwa rahisi. Mtu aliyefukuzwa mara nyingi hajifukuzi mwenyewe kwa furaha.

Nikakinyanyua kiti nikakitoa nje.

"Sindano moja haihitaji ofisi," nikasema. "Mwenye gunia lililochanika atanipigia simu."

Tukaingiza sufuria, mimi upande mmoja, Ridhiwani upande wa pili, kwa sababu ilikuwa nzito na kwa sababu alikuwa amekwisha kuila robo. Fremu ikatundikwa juu ya lile doa. Baraza likabaki wazi kama tangazo lilivyotaka, Ridhiwani akapiga picha ya ripoti, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Machi. Siku hizi nazunguka Mahiwa, Tandamti na Narung'ombe na sindano imechomekwa kwenye kofia, na magunia ya Kariakoo, namshukuru Mungu, yanachanika kila mahali. Miguu inauma, bega limezoea. Wateja wa Sabaha wanapanga foleni nje ya kizingiti, wanapokea sahani, wanakwenda kula mbele kidogo. Mheshimiwa Pantaleo huja na wageni wake kuwaonyesha azimio linavyofanya kazi, naye Sabaha huwaambia linafanya kazi sana, hasa ukutani.

Jana nilipita saa mbili. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kushona magunia arobaini ya ufuta. Kuna ndoo iliyopinduliwa pembeni ya mizani, nikaanza kujishusha juu yake.

"Simama hapo hapo," Sabaha akasema. "Hapa ndani hakuna nafasi ya Wangoni. Mkishakaa hamwondoki, historia inajua."

"Kifungu cha (c)," nikamwambia. "Unatakiwa kunihimiza."

Akanipakulia sahani iliyojaa mpaka ukingoni, maandazi matatu, siku zote hupewa mawili. Akaisogeza kwangu juu ya kizingiti.

"Nimekuhimiza," akasema. "Sasa toka nje ukale."

Nikatoka nje nikala.